Jinsia ya mhusika katika ngoma ya midimu

Midimu (umoja: ndimu) ni vinyago vya Wamakonde wa kusini-mashariki mwa Tanzania, na pia ni jina la ngoma inayochezwa kwa vinyago hivyo. Hupatikana katika uwanda wa Makonde na pembezoni mwake: Nanyamba, Tandahimba, Newala na vijiji vya Mtwara hadi kingo za mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto, nchini Msumbiji, ngoma ya aina hiyo huitwa mapiko (umoja: lipiko). Kwa mila wanaovaa vinyago ni wanaume waliopita jandoni, lakini wahusika wanaoonyeshwa ni wa kiume na wa kike, na mmoja wa wanaojulikana zaidi ni mwanamke mjamzito. Jinsia ya mhusika huamuliwa na kinyago, si na mwili wa aliyekivaa.

Kila mchezo ambamo mtu hujifanya mtu mwingine hukutana na maswali yaleyale. Je, mchezaji anaweza kuwa mhusika wa jinsi isiyo yake? Je, mwili wake unamwekea mhusika mipaka? Na mhusika akipenda au akipendwa, ni nani anayeamua? Wamakonde waliyajibu maswali hayo bila kuyaandika popote. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 watunzi wa michezo ya kuigiza ya mezani huko Marekani walijaribu kuyajibu kwa vitabu vya sheria, majedwali na dadu. Makala hii inaeleza kwanza midimu, kisha inalinganisha majibu hayo mawili.

Istilahi

Katika Kiswahili neno jinsi hutumika kwa maumbile ya kiume au ya kike, na jinsia kwa nafasi, mavazi na mwenendo ambao jamii huuambatanisha na maumbile hayo. Katika mazungumzo ya kila siku watu huyachanganya maneno haya mawili, lakini kwa mada hii tofauti yake inafaa kushikiliwa: mchezaji wa midimu ana jinsi yake, mhusika ana jinsia yake, na vyote viwili hukaa ndani ya nguo moja.

Sarufi yenyewe ina la kusema hapa. Kiambishi a- katika "anacheza" hakielezi kama anayecheza ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo mtazamaji anayesimulia kwa Kiswahili halazimiki kuchagua kati ya mchezaji na mhusika. Uamuzi unaomkabili ni mwingine. Kinyago kikiwa kimetundikwa ukutani, kinyago "kimechongwa vizuri". Kikiingia uwanjani na ngoma zikilia, watu husema "anakuja". Aliyetoka kwenye ki- akaingia kwenye a- amekwisha kuukubali mchezo.

Mahali na wakati

Nanyamba ni mji mdogo wa mkoa wa Mtwara, katika barabara inayotoka Mtwara mjini kwenda Tandahimba, Newala na Masasi. Ni jimbo la uchaguzi tangu mwaka 2015, na kama sehemu nyingi za mkoa huo, uchumi wake unategemea sana korosho. Wakazi wake wengi ni Wamakonde, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama.

Jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana hufanyika hasa katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno ya chakula. Wali, yaani vijana wanaofundwa, hukaa mbali na watu kwa muda, wakiwa chini ya makungwi. Siku ya kutoka kwao ndiyo siku kuu ya kijiji: ndugu hufika kutoka mbali, kuna chakula, nguo mpya na ngoma. Midimu hutokea katika sherehe hizo. Si kila sherehe huwa nayo, maana kuwaita wachezaji ni gharama.

Sanamu iliyogeuka mwanamke

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa tamaduni kutoka makumbusho ya Leipzig, alifika uwanda wa Makonde akakaa Newala na Mahuta. Alikuwa na mashine ya kunasia sauti na kamera ya filamu, vitu vigeni kabisa mahali hapo, na aliondoka na shehena ya vifaa vikiwamo vinyago. Miongoni mwa aliyoyaandika ni hadithi ya asili ya Wamakonde, ambayo mpaka leo husimuliwa kwa namna mbalimbali.

Hapo kale, yasema hadithi hiyo, alikuwapo kiumbe mmoja aliyeishi peke yake porini, hajaoga wala kunyoa. Siku moja alichukua kipande cha mti akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha nje ya kibanda chake. Kulipokucha sanamu ilikuwa imegeuka mwanamke hai. Walikwenda mtoni Ruvuma wakaoga, wakawa mume na mke. Mtoto wa kwanza alizaliwa bondeni akiwa mfu. Walipanda juu kidogo, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Walipofika juu kabisa uwandani, mtoto wa tatu aliishi, na kutoka kwake wakatokea Wamakonde wote.

Kwa mada hii hadithi hiyo ina uzito. Mwanamke wa kwanza ni kazi ya mikono ya mchongaji, na baada tu ya kupata uhai tunaambiwa habari ya kujifungua na kufiwa na watoto. Mambo hayo hayo mawili, mti uliochongwa kuwa mwanamke na hatari ya uzazi, ndiyo yanayoonekana katika kinyago cha mjamzito.

Alama za jinsia katika kinyago

Vinyago vya upande wa Tanzania mara nyingi ni vya uso: hufunika uso tu, na kichwa kilichobaki hufungwa nguo. Lipiko wa Msumbiji ni wa kichwa kizima, huvaliwa kama kofia ngumu iliyoegemea nyuma, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Vyote huchongwa kwa mti mwepesi, si kwa mpingo. Mpingo mweusi unaouzwa kwa watalii ni kazi ya aina nyingine, na mzito mno kuchezea.

Mtazamaji aliyekulia uwandani hutambua jinsia ya kinyago kwa alama kadhaa. Ya kwanza ni ndonya, kisahani kilichovaliwa katika mdomo wa juu uliotobolewa. Ndonya lilikuwa pambo la wanawake, na kinyago chenye mdomo wa juu uliochomoza na kubeba kisahani hicho hakihitaji maelezo. Ndevu na masharubu, ambayo pengine hutengenezwa kwa nywele halisi zilizobandikwa kwa nta, ni za kiume. Nembo, yaani michoro ya chale usoni, haitoshi peke yake kwa sababu wanawake na wanaume walichanjwa. Hapa wageni wengi hukosea: huona chale nyingi wakadhani ni urembo wa kike.

Alama nyingine zimo katika mavazi na mwendo. Mwili wa mchezaji hufunikwa wote, mikono na miguu, mpaka pasionekane ngozi. Ufunikaji huo huficha mtu na wakati huohuo hufuta maumbile yake, na mwili wa mhusika hujengwa upya juu yake kwa nguo, njuga na ubao. Kisha kuna hatua. Ngoma ndogo nyembamba zenye ncha ya kuchomekwa ardhini, ziitwazo vinganga, hutoa mdundo wa haraka, na mchezaji hujibu kwa miguu na mabega. Mhusika wa kike asiyecheza kike amekosewa, hata kinyago kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo sifa ya mchezaji hodari wa ndimu wa kike ni sifa ya mwanamume aliyetazama wanawake kwa makini.

Mwanamke mjamzito

Kinyago cha mjamzito ni cha kiwiliwili. Ni kipande cha mti kilichochongwa kikiwa na matiti, tumbo kubwa na kitovu kilichojitokeza, na juu ya tumbo huwekwa nembo kwa kuchonga au kwa nta. Katika kumbukumbu za makumbusho huitwa njorowe. Kijana wa kiume hukifunga kifuani kwa kamba na kukivaa pamoja na kinyago cha uso cha mwanamke.

Anachokicheza ni taabu ya kubeba mimba: uzito, kiuno kinachouma, uchungu wa kujifungua. Mara nyingi mhusika wa kiume huwa naye uwanjani. Watazamaji hucheka, maana kuna mzaha ndani yake, lakini mada yake haina mzaha. Katika nchi ambamo kila familia imesikia habari ya mama au mtoto aliyefia katika uzazi, kijana anayetoka jandoni anaonyeshwa mbele ya kijiji kizima kitakachompata mke wake. Na anayemwonyesha ni mwanamume mwenzake aliyelazimika kujifunza mwendo wa mtu mwenye tumbo la miezi tisa.

Inafaa kuangalia ni nini kisichofanywa na ngoma hiyo. Haimchezi mjamzito kama mwanamume aliyevaa kanga ili achekwe kwa kuwa ni mwanamume. Kichekesho cha namna hiyo, kinachojulikana katika maigizo ya mjini na ya runinga, hutegemea mtazamaji amwone mwanamume chini ya kanga. Katika midimu kumwona mtu aliye chini ni kuvunja mchezo.

Siri na sheria ya kuvaa

Kwa mila, aliye ndani ya lipiko au ndimu si mtu. Wanawake na watoto waliambiwa ni kiumbe, mzuka wa wafu ulioibuliwa na wanaume kwa uwezo wao. Mvulana alifunuliwa siri hiyo jandoni na kuapishwa asiitoe. Wataalamu wa Kireno Jorge na Margot Dias, waliofanya uchunguzi kati ya Wamakonde wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, walieleza kwa kirefu jinsi siri hiyo ilivyotenganisha wanaume na wanawake. Vinyago vilitengenezwa na kutunzwa mahali pa faragha porini, na mwanamke hakutakiwa kupakaribia.

Je, wanawake hawakujua? Wengi walijua, na waandishi mbalimbali wamelitaja hilo. Mama huzijua nyayo za mwanawe, na mke hujua mume wake hakuwapo nyumbani ngoma ilipokuwa ikichezwa. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, lakini hapa wapo waliotishika kwa heshima tu. Kukimbia na kupiga mayowe lipiko anapotokea ilikuwa sehemu yao katika mchezo, nao waliicheza vizuri.

Kutokana na hayo, sheria ya msingi ya midimu inaweza kuelezwa kwa ufupi: mhusika anaweza kuwa wa jinsia yoyote, mvaaji hawezi. Mipaka haikuwekwa kwa kile kinachoigizwa, iliwekwa kwa nani aruhusiwe kuigiza na nani aruhusiwe kujua. Mwanamume aliyecheza mwanamke hakuhesabiwa kuwa amepunguza uanaume wake, kwani kimila hakuwapo uwanjani. Mwanamke ambaye angevaa kinyago, hata cha kike, angekuwa amevunja kila kitu. Sheria hiyo iliwapa wanaume mamlaka ya kumwonyesha mwanamke bila mwanamke mwenyewe kuwa na neno. Kosa hili haliwezi kufichwa kwa kusifia uzuri wa uchongaji.

Hali ya namna hii haiko kwa Wamakonde tu. Katika Gule Wamkulu ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, wanaume huvaa pia vinyago vya wanawake. Katika Uingereza ya Shakespeare wanawake wa jukwaani waliigizwa na wavulana, na Japani ilipowapiga marufuku wanawake katika maigizo ya kabuki mwaka 1629, wanaume walichukua nafasi zao na kuifanya kazi hiyo kuwa fani yenye mabingwa wake. Mfano wa kinyume ni chama cha wanawake cha Sande huko Sierra Leone na Liberia, ambako wanawake ndio wanaovaa kinyago cha mti. Ni jambo adimu barani Afrika.

Wanawake walipovaa vinyago

Mabadiliko makubwa yalianzia ng'ambo ya Ruvuma. Chama cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964 katika nchi ya Wamakonde. Wanawake walibeba silaha na mizigo, wengine wakawa askari. Kambi kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, upande wa Tanzania. Chama kilihubiri usawa wa mwanamke na mwanamume, na kilizitazama siri za jando kama mabaki ya zamani. Ilikuwa vigumu kumwambia mwanamke mwenye bunduki akimbie kinyago.

Mtafiti Paolo Israel, aliyeandika kitabu juu ya mapiko mwaka 2014, ameichunguza pia lingundumbwe, ngoma ya vinyago inayochezwa na wanawake katika wilaya za Nangade, Mueda na Muidumbe. Nangade iko karibu na Ruvuma, ikitazamana na upande wa Tanzania wenye miji ya Tandahimba na Nanyamba. Uchunguzi wake unaifuata ngoma hiyo kuanzia miaka ya 1950 hadi mwaka 2005, yaani mizizi yake ni ya kabla ya vita. Kilichofanywa na vita na siasa ya usawa ni kuipa uwanja na kuihalalisha.

Mapiko ya wanaume nayo yalibadilika. Kabla ya uhuru wachongaji walikuwa wamekwisha kuongeza wahusika wapya, kama vile maofisa wa kikoloni, na baada ya mwaka 1975 viongozi wa taifa walichongwa pia. Siri ililegea, ushindani wa vikundi ukawa mkali zaidi, na watazamaji wakaanza kumsifu mchezaji kwa jina lake. Hilo la mwisho ni geuzo kubwa kuliko linavyoonekana: likitajwa jina la mvaaji, mzuka umekwisha.

Mvuto na mapenzi

Midimu huonyesha hadharani matokeo ya mapenzi, yaani mimba. Mapenzi yenyewe hufundishwa kwingine. Namna ya kuishi na mume au mke, namna ya kuvutia na kukataa, ni somo la unyago na jando, ndani, kwa nyimbo za mafumbo, na kila jinsi kivyake. Katika unyago wanawake huigiziana pande zote mbili: mmoja huwa mke, mwingine huwa mume, na hakuna mwanamume anayeona. Desturi hiyo imeenea pwani nzima. Huko Zanzibar Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013, alijulikana kwa taarabu lakini pia kwa kuongoza ngoma za unyago za namna hiyo.

Kwa hiyo pana ulinganifu. Mwanamume huigiza mwanamke hadharani akiwa amefunikwa. Mwanamke huigiza mwanamume faraghani akiwa hana kinyago. Hamu ya mwili inaruhusiwa kuigizwa pale tu ambapo waliopo wote wana haki ya kuona.

Mfano wa yanayotokea mpaka huo ukiondolewa ni sindimba, ngoma ya Wamakonde yenye kukata viuno. Baada ya uhuru ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma, ikachezwa majukwaani na kufundishwa shuleni nchi nzima. Ikiwa imeng'olewa kutoka mazingira ya kufunda vijana, ilibaki viuno peke yake. Baadhi ya watazamaji waliifurahia kwa hilo, wengine wakalalamika kwamba ni matusi, na wataalamu wa sanaa za maonyesho wamekuwa wakieleza kwamba kosa halikuwa la ngoma bali la jukwaa lisilo na mlango.

Ulinganisho na michezo ya kuigiza ya mezani

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akiwa amebuni mhusika wake. Mwongozaji hueleza mahali na mkasa, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa kurusha dadu. Nguvu, akili na mvuto wa mhusika huandikwa kwa tarakimu katika karatasi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Ulizaliwa kutoka michezo ya vita vya mezani, iliyochezwa zaidi na wanaume.

Mezani hakuna kinyago. Sura ya mchezaji inaonekana na wote, na mhusika yupo kwa maneno tu. Mtu yeyote aliweza kusema "mhusika wangu ni mwanamke", na hakuna mila iliyomzuia. Lakini kwa kuwa mwili wa mhusika ulikuwa tarakimu, watunzi walidhani ni lazima jinsi nayo iwe na tarakimu zake. Mwaka 1976 gazeti la The Dragon lilichapisha mapendekezo ya Len Lakofka ambamo wahusika wa kike walipewa kipimo cha uzuri mahali pa kipimo cha mvuto wa jumla, pamoja na uwezo wa kuwatongoza wanaume. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilimwekea mwanamke wa kibinadamu kiwango cha juu cha nguvu kilicho chini ya kile cha mwanamume. Katika mchezo wenye mazimwi na wachawi wanaorusha moto, kilichoonekana hakiwezekani ni mwanamke mwenye nguvu nyingi! Toleo la mwaka 1989 liliondoa mipaka hiyo, na kitabu cha mwaka 2014 kilimwambia mchezaji waziwazi kwamba jinsia ya mhusika na anayempenda ni juu yake, tena hana haja ya kujifunga na migawanyo miwili ya kawaida.

Watunzi wengine walienda njia zao. Katika Apocalypse World (2010) mchezaji huchagua mwonekano wa mhusika kutoka orodha fupi. Humo mna mwanamume na mwanamke, na pia mna mwonekano usioeleweka na uliofichwa. Mchezaji wa midimu angelielewa neno hilo la mwisho mara moja.

Kuhusu mapenzi, michezo hiyo iligawanyika juu ya nani aamue. Pendragon ya Greg Stafford (1985), inayohusu mashujaa wa mfalme Arthur, humpa kila mhusika vipimo vya tabia, ukiwamo usafi wa mwili ukipingana na tamaa, na vya hisia kama upendo. Kipimo kikiwa juu sana, dadu linaweza kumfanyia mhusika uamuzi ambao mchezaji wake hakuutaka. Monsterhearts ya Avery Alder (2012), inayohusu vijana wa sekondari, ilikwenda mbali zaidi: mhusika mmoja akimvutia mwingine, dadu husema kama mvuto umetokea, bila kujali jinsi za wawili hao. Mwenye mhusika aliyevutwa hana uwezo wa kukataa kwamba amevutwa. Anachobaki nacho ni uamuzi wa atafanya nini. Wapo wanaoona sheria hiyo inasema kweli kuhusu ujana. Wapo wanaoona inamvunjia mchezaji haki yake.

Ubishi huo ulileta sheria za aina nyingine, zinazohusu walioketi mezani badala ya wahusika. Ron Edwards, katika kitabu cha mwaka 2003, alitenganisha mambo yasiyoruhusiwa kabisa kuingia mchezoni na mambo yanayoruhusiwa lakini hufunikwa pazia, yaani hutajwa kwamba yametokea bila kuonyeshwa. Baadaye John Stavropoulos alipendekeza kadi yenye alama ya X ikae mezani. Yeyote akiigusa, jambo lililomkera huondolewa bila kuulizwa sababu. Pazia la Edwards linafanana sana na yale yanayofanywa uwandani kwa kuta za nyumba ya unyago. Kadi ya X haina mfano katika midimu: huko mtoto au mwanamke aliyeogopeshwa na lipiko hakuwa na njia ya kusimamisha mchezo, na kuogopa kwake kulikuwa sehemu ya mchezo huo.

Kwa anayecheza kwa Kiswahili kuna tofauti ndogo ya lugha. Mwongozaji akisema kwa Kiingereza kwamba mlinzi amefungua mlango, kiwakilishi kinachofuata hufichua jinsi yake. Kwa Kiswahili mlinzi "amefungua", na anaweza kubaki bila jinsi hadi mtu atakapouliza.

Midimu katika miaka ya karibuni

Ngoma za vinyago sasa huchezwa pia mbele ya watazamaji waliolipa au walioalikwa. Mjini Mtwara tamasha la MaKuya, ambalo jina lake limeundwa kutokana na Makonde, Makua na Yao, limewaleta wachezaji wa vijijini mbele ya wanaume, wanawake, watoto na wageni kwa pamoja. Baadhi ya wazee huona hilo ni kuokoa ngoma, wengine ni kuivua nguo.

Jando na unyago vyenyewe vinabishaniwa. Viongozi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wamehimiza mara kwa mara vifanyike wakati wa likizo ili wanafunzi wasikose masomo, na lawama hutolewa kwamba wasichana wadogo hufundishwa mambo ya ndoa kabla ya umri wake. Watetezi hujibu kwamba hakuna mahali pengine ambapo vijana huambiwa ukweli kuhusu mwili na uzazi. Ni dhahiri kwamba umri wa kufundwa ukipunguzwa, maudhui nayo hayana budi kubadilika, na si kila kungwi amelikubali hilo.

Vinyago vingi vya zamani viko Ulaya na Marekani. Kimoja kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 kilikuja kugunduliwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na kilikabidhiwa kwa Tanzania mwezi Mei 2010 baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Vinyago vya mjamzito vilivyoko nje mara nyingi hutundikwa vikiwa kiwiliwili kitupu, bila kinyago cha uso, bila nguo na njuga zilizokwenda navyo. Mtembeleaji husoma kwenye kibao kwamba anatazama mwanamke mwenye mimba. Matundu ya kamba ubavuni ndiyo yanayoonyesha kwamba kilifungwa kwenye kifua cha mtu.